Walionikalisha Kitini

Ukishaambiwa na daktari kwamba moyo wako ni mgonjwa, ndugu zako watakuletea kiti. Mimi nililetewa cha mninga, chenye mikono, alichokitoa kaka yangu Gaudensi sebuleni kwake huku akijisifu kwamba hajawahi kumwazima mtu. Kikawekwa barazani kwangu, pale Ifakara, nikakalishwa, na kuanzia siku hiyo kila aliyepita njiani alipunguza mwendo ili anitazame vizuri, asije akasikia nimekufa kabla hajaniona. Naandika haya nikiwa nimepona kiasi cha kuwadharau wote kwa nafasi. Naandika pia kwa ajili yako wewe uliyekalishwa leo asubuhi na unaanza kukizoea kiti.

Sitakueleza moyo unavyofanya kazi. Sijui, na wengi walionieleza hawakujua pia. Nilikuwa fundi wa mashine ya kukoboa mpunga kwa miaka kumi na tisa, kwa hiyo kila mgeni alidhani amevumbua jambo akiniambia kwamba moyo ni injini, na injini ikichoka huzimwa. Nililisikia hilo kwa katekista, nikalisikia kwa muuza mafuta ya taa, nikalisikia kwa shemeji yangu ambaye hata jiko la mkaa hawashi bila kusaidiwa. Injini ukiizima unakwenda zako kula. Jaribu hivyo kwa moyo uone.

Ugonjwa ulianza mwezi wa kumi na mbili, katikati ya miaka ya tisini, watu wakiwa wanangoja mvua za kupandia. Kwanza viatu vilikataa kuingia. Nikasema viatu vya siku hizi vinasinyaa. Halafu nikawa siwezi kumaliza ngazi tatu za mashineni bila kushika ukuta, nikasema ni vumbi la pumba. Mwishowe nikawa nalala nimeketi, nimeegemea mito mitatu na gunia lililokunjwa, maana nikilala chali nilihisi nazama. Mke wangu Anastazia, ambaye watu humwita Mama Fidelis kwa jina la mwanetu wa kwanza, alisema twende hospitali. Nikamjibu kwamba wanawake wanapenda sana hospitali. Ujinga wangu nauweka hapa mapema ili usidhani nitawasema wengine peke yao. Mficha maradhi kilio humfichua, nami nilikuwa nayaficha ndani ya miguu iliyonenepa kama migomba.

Hospitalini ukumbi wa kungojea ulikuwa na mabenchi yaliyolainishwa na makalio ya miaka mingi. Ukikaa pale siku mbili tatu unajifunza vyeo vya wagonjwa. Wenye malaria wanajiona wapita njia. Wenye kikohozi wanaachiwa benchi zima. Sisi wa moyo hatuna cheo, kwa sababu hatutoki damu wala hatutapiki, na kila aliyekaa jirani aliniuliza, "Baba, umemleta nani?" Nikisema ni mimi, ananikagua juu mpaka chini kama mnunuzi aliyeuziwa mpunga wenye mawe. Mama mmoja tu, aliyepakata mtoto mwenye homa, hakuuliza kitu. Aliniona ninavyohema, akanyanyuka na mtoto wake, akaniachia nafasi ya dirishani penye upepo. Sikumjua jina na sikumwona tena, ila upepo ule naukumbuka hadi leo.

Nililazwa siku tisa. Walinipa vidonge vya kukojoa, nami nikakojoa mpaka wodi nzima ikanijua. Maji yalipotoka, mtu mwingine alibaki kitandani. Mashavu yaliingia ndani, mikono ikawa ya mzee, na ngozi ya miguu ikaning'inia kama soksi iliyolegea mpira. Nikakatazwa chumvi. Kambale asiye na chumvi simtakii hata adui yangu, na adui ninao. Nilimlalamikia Mama Fidelis kila mlo, mpaka siku moja nikadokoa kwenye bakuli lake ili nionje chakula cha watu wazima, nikakuta naye anakula bila chumvi. Alikuwa amefanya hivyo tangu nitoke hospitali na hakuwa amesema neno. Nilirudisha kijiko kimyakimya.

Mwishoni mwa Januari daktari aliniambia kwamba miguu imekauka vya kutosha, sasa nitaanza mazoezi. Nilicheka. Akasema sitayafanya peke yangu. Kila Jumanne, Alhamisi na Jumamosi nitakwenda kwa Nesi Kulwa, nyuma ya wodi.

Wakati ule Wasukuma walikuwa wanazidi kuingia bondeni na ng'ombe wao, na sisi wenyeji tulikuwa na maneno mengi juu yao, mengi ya kipumbavu, nami niliyajua yote. Kwa hiyo nilipomwona binti wa Kisukuma, mrefu, umri wa wanangu, saa imening'inia kifuani, niliona hospitali imeniletea mchunga ng'ombe.

"Shikamoo, baba," akasema, akipiga goti kidogo.

"Marahaba."

"Vua viatu nione miguu."

Aliukandamiza ugoko wangu kwa dole gumba, akahesabu, akaachia, akatazama. Shimo lilijaa upesi. Akasema leo natembea. Baadaye nilielewa kwamba shimo lisipojaa, hutembei. Utanyweshwa dawa, utaonwa na daktari, utarudi nyumbani, hata ukilia. Halafu akanishika kiganja, akahesabu mapigo kwa saa yake, akaandika kwenye daftari, na ndipo akanionyesha njia.

Ilikuwa njia ya changarawe kutoka mlango wa wodi hadi jikoni, kando yake yamepangwa mawe yaliyopakwa chokaa, kila baada ya hatua ishirini jiwe moja. Mawe manane tu. Tulikuwa wagonjwa watano, na kwa siku ya kwanza mimi niliruhusiwa jiwe la kwanza, kwenda na kurudi. Mtu niliyebeba magunia ya mpunga kwa bega! Nilitembea hatua arobaini huku nikiona aibu mbele ya wapishi waliokuwa wanachambua maharage, na niliporudi akanishika tena kiganja, akaandika tena.

Kipimo chake kingine kilikuwa salamu.

"Mtasalimiana mkiwa mnatembea," alituambia. "Salamu kamili. Za nyumbani, za watoto, za shamba, za mifugo. Anayeshindwa kuzimaliza bila kukata maneno, anakaa kwenye benchi. Asiyetaka kukaa, nitamkalisha mimi."

"Mimi sina mifugo," nikasema kwa kebehi.

"Basi utaulizia ya kwetu, baba."

Nikawa naulizia ng'ombe wa Wasukuma mara tatu kwa wiki. Ukisikia mtu anasema mazoezi ni hatari kwa mgonjwa wa moyo, mwulize ni mazoezi gani na nani alikuwa amesimama pale. Ifakara nzima haikuwa na mahali pengine ambapo mtu alinitazama kwa makini namna ile nikiinua mguu. Nyumbani ningeweza kukata roho kwenye kiti cha mninga na wageni wakaendelea kunywa chai. Kwa Kulwa, nikibadilika rangi ya midomo tu, nimeshakalishwa, na daktari yuko ng'ambo ya ukuta. Mwezi wa tatu ulipoingia, mvua za masika zikipiga mabati, nilikuwa nafika jiwe la tano na kurudi, na nalala kwa mto mmoja.

Sasa nije kwa Mzee Kasiani, kwa sababu bila yeye ningekuwa na hadithi fupi na dhamiri safi.

Kasiani alikuwa mmoja wetu watano. Alikuwa nyapara wa wakata miwa kule Kidatu kabla hajastaafu na kujenga Ifakara, na unyapara haukuwa umemtoka. Wanawe walitaka akae kitini kama mimi. Mke wake, Mama Salome, ndiye aliyepigana nao, akasema hospitali imesema atembee na atatembea. Alikuja wiki mbili. Ya tatu hakuonekana. Nikamkuta sokoni, nyuma ya wauza mkaa, anacheza bao na wazee watatu, taulo shingoni.

"Mimi nimesimamia wanaume," akaniambia. "Leo nisimamiwe na mtoto wa kike, anishike mkono, aniulize ng'ombe? Wewe nenda kama hujionei haya."

"Na Mama Salome?"

"Natoka na taulo, narudi na taulo. Akikuuliza, tuko wote."

Nikacheka. Niliuona ni ujanja mzuri wa kiume, na kusema kweli nilifurahi kuwa na siri, maana mgonjwa hana mali nyingine. Siku chache baadaye nilikutana na Mama Salome kwa wauza samaki.

"Shemeji, mzee wangu anaendeleaje huko kwenye mazoezi?"

"Anatupita wote," nikasema. "Jumamosi kafika jiwe la saba."

Uso wake uling'aa. Akaninunulia perege wawili, akafunga kwenye jani la mgomba, akanipa kwa mikono miwili. Nikawala.

Mzee Kasiani alikufa mwezi wa nne, siku ya Alhamisi, mchana. Alirudi nyumbani na taulo lake, akanawa, akakaa ale, akainamia sahani. Mama Salome alilia huku akimwambia kila aliyeingia kwamba alikuwa ametoka mazoezini sasa hivi, sasa hivi tu. Unaweza kudhani palihitajika muda kwa habari hiyo kuzunguka. Mimi niliisikia kabla sijavaa shati: mazoezi ya hospitali yamemuua Kasiani, Msukuma kamtembeza mpaka moyo ukapasuka.

Tuliojua alikokuwa anakwenda na taulo lake tulikuwa wanne, mimi na wale wazee watatu wa bao; wagonjwa wenzangu walidhani kahamishiwa siku nyingine. Tulisimama kaburini tumeinamisha vichwa. Wazee wale waliniambia marehemu hasemwi, heshima yake ilindwe, na nikakubali haraka sana. Kwetu ukitaka kuficha jambo, lizike pamoja na mtu, hakuna atakayefukua. Ila heshima ya Kasiani haikuwa inanisumbua hata kidogo. Nilijua kwamba nikifungua mdomo nitaulizwa kuhusu jiwe la saba.

Siku ya kumaliza matanga wanawe walimwuliza mama yao mbele ya ukoo nani alimtuma baba mazoezini. Akajibu, "Mimi." Hakujitetea. Wiki hiyo hiyo akafunga mzigo akaenda kwa kaka yake Kisawasawa, na wanawe hawakumsindikiza hata stendi. Nilikuwepo. Nilikuwa nimekaa kwenye jamvi, nakunywa uji wao.

Wagonjwa wengine watatu waliacha kuja, mmoja baada ya mwingine, kila mmoja akivutwa na ndugu zake. Mpishi mmoja aliniambia baadaye kwamba Nesi Kulwa aliendelea kutoka kila Jumanne, Alhamisi na Jumamosi, akasimama kwenye jiwe la kwanza na daftari lake, akangoja saa nzima, akarudi ndani.

Kwangu mimi Gaudensi aliitisha kikao. Alikaa kwenye kiti changu, yaani chake, nami nikawekwa kwenye mkeka.

"Mazoezi ni ya wanajeshi," akaanza. "Mgonjwa anapumzika. Kasiani tumemzika juzi. Kuanzia leo huendi tena kwa yule mwanamke. Na kwa vile mpunga umeshika, na ndege ndio hao, wewe na mkeo mtahamia shamba ukalinde ndege. Ni kazi ya kukaa. Unakaa juu ya dungu, unapata hewa, unapumzika."

Wote wakaitikia. Naomba uisome hoja hiyo mara mbili. Kutembea mawe matano kwenye kivuli, nimeshikwa kiganja, daktari yuko jirani, hiyo ilikuwa hatari. Kuvuka mto, kupanda ngazi ya miti mara kumi kwa siku, kupiga kelele, kurusha kombeo na kukimbiza kweleakwelea kuanzia jua linapochomoza hadi linapozama, mahali ambapo hata aspirini haifiki, huko kulikuwa kupumzika. Ni sisi watu wa mpunga tu tunaoweza kukosea hivyo. Kwetu kulinda ndege haihesabiwi kazi, kwa kuwa wanaopewa ni vikongwe na watoto, na hakuna aliyewahi kuwauliza vikongwe.

Mama Fidelis alisema, "Nesi alimkataza ngazi."

"Nesi yupi? Aliyemwua Kasiani?"

Mke wangu akanitazama mimi. Hapo ndipo mahali pangu pa kusema palipokuwa, tena pana kama uwanja wa mpira. Nikakohoa, nikasema kaka amefikiri vizuri.

Tulivuka Kivukoni kwa pantoni, tukatembea kwenye matope nikisimama kila baada ya hatua chache, Mama Fidelis amebeba kila kitu pamoja na mito yangu. Dungu letu lilikuwa kibanda juu ya nguzo za mita tatu, na kamba zenye makopo zilitoka pale kwenda pembe zote za shamba. Siku ya kwanza nilivuta kamba na kukaa. Ya pili ndege waliyazoea makopo, wakawa wanatua juu yake. Ikabidi kushuka, kurusha, kupanda, kushuka. Mke wangu alichukua zamu nyingi kuliko mimi, lakini shamba lina pembe nne na yeye ni mmoja. Siku ya nne nilikandamiza ugoko wangu kwa dole gumba, kama nilivyofundishwa. Shimo lilibaki. Nikateremsha miguu ya suruali ili mke wangu asione.

Siku ya sita lilikuja kundi lililofanya kivuli. Nilikimbia kwenye tuta, kombeo mkononi, nikipiga kelele ambazo mwenyewe sikuzisikia. Kutoka dungu la jirani bibi mmoja wa Kindamba, aliyekuwa akitusalimia kila asubuhi, alipaza sauti, "Habari za huko, Baba Fidelis?"

Nilitaka kusema nzuri. Ilitoka nusu, nyingine ikabaki kifuani. Nikajaribu tena, ikatoka pungufu zaidi. Nilijua maana yake vizuri kuliko mtu yeyote kwenye bonde lile, nikakaa palepale kwenye matope, nikatupa kombeo. Kama nisingefundishwa salamu zile ningeendelea kukimbia kwa kiburi, na ningeanguka kifudifudi kwenye maji. Bibi alipoona nimekaa kimya akamwita mke wangu, na kijana wa bibi huyo akanibeba kwa mtumbwi mpaka Kivukoni. Ndege walikula nusu ya shamba. Ndio pekee waliopumzika msimu ule.

Nililazwa tena siku kumi na moja, kitanda kilekile, vidonge vilevile, makojo yaleyale. Gaudensi alikuja kunitazama na machungwa, akasema bila shaka ni yale mazoezi yalikuwa bado mwilini. Sikuwa na pumzi ya kumjibu, na hilo nahesabu ni rehema, kwake.

Siku ya tano Nesi Kulwa alikuja na daftari lake. Hakunisimanga. Alikandamiza ugoko, akakunja uso, akanishika kiganja.

"Kasiani alikuwa haji," nikasema.

"Najua, baba. Jina lake lina nafasi tupu kuanzia wiki ya tatu."

"Mbona hukusema?"

"Nilimwambia daktari. Mjini ningemwambia nani? Mimi ndiye Msukuma niliyeua mtu. Niliona atakayesikilizwa ni mmoja wenu, nikawa nangoja." Akatazama saa. "Hata mkewe hakusema kitu, nikashangaa. Yeye si alikuwa anamwona yuko nyumbani?"

Nikamweleza taulo, bao na jiwe la saba. Nilieleza vyote, hata samaki. Aliposikia kwamba Mama Salome ameondoka Ifakara akiamini amemwua mumewe, aliacha kuhesabu. Alibaki ameshika mkono wangu kama kitu alichookota. Kisha akaanza kuhesabu upya, akaandika, akaondoka bila kuniaga. Katika maisha yangu nimetukanwa na watu wenye vipaji, lakini hakuna aliyewahi kunifanya nijione mdogo namna ile.

Mwezi wa sita, watu wakivuna, nilianza tena jiwe la kwanza. Nilikuwa peke yangu. Gaudensi alinitumia ujumbe kwamba nikifa nisimlaumu, nikamjibu kwamba nikifa sitapata nafasi. Nakwambia wewe uliyekalishwa: usitoke kitini leo ukakimbia barabarani kwa sababu umesoma maneno ya fundi mashine. Nenda kwa wanaojua kupima, akushike mtu kiganja, akukataze siku ya kukukataza, na ukikatazwa utii. Usiende kwa hila ya taulo. Na ndugu zako usiwachukie, wanakupenda. Ila upendo hausomi saa.

Nilipofika jiwe la tatu bila kuhema, nilimwambia Mama Fidelis anisindikize Kisawasawa.

"Nenda mwenyewe," akasema. "Samaki ulikula mwenyewe."

Nesi Kulwa aliruhusu, kwa masharti: nisibebe kitu, nitembee asubuhi, na nikae kila nitakapoona kivuli. Basi liliniteremsha barabarani na nikatembea hadi kwa kaka yake Mama Salome, nikikaa mara nne. Nilimkuta uani, ameketi kwenye kigoda, anapepeta mchele, milima ya Udzungwa iko nyuma yake imefunikwa wingu. Alikuwa amekonda. Alitabasamu aliponiona, na tabasamu lile nusura linirudishe stendi.

"Karibu, shemeji. Umepona?"

"Napona. Nimekuja kusema jambo."

Nikasema. Nilisema nikiwa nimesimama, kwa kuwa sikujisikia nastahili kigoda. Aliendelea kupepeta muda wote, pumba zikiruka, na nilipomaliza akaendelea kupepeta mchele ambao ulishakuwa safi.

"Uliniambia alifika jiwe la saba," akasema mwishowe.

"Nilikudanganya."

"Mimi usiku na mchana nawaza jiwe la saba. Nasema, kwa nini sikumwambia aishie la sita? La sita lingemtosha. Ningemwambia tu, mume wangu, ishia la sita." Akaweka ungo chini. "Salome hanisalimii. Mwanangu niliyemzaa, siku naondoka, alinipita njiani."

Aliingia ndani, akatoka amefunga kitenge kingine, viatu mkononi.

"Twende."

"Wapi?"

"Ifakara. Basi la kurudi linapita saa nane. Utawaambia wanangu kwa mdomo huohuo, mmoja mmoja, nikiwa nimesimama hapo. Halafu utakwenda hospitali kumwambia yule binti aje kula kwangu."

Alishika njia bila kuniangalia. Alitembea haraka, hasira zikimsukuma, nami nikajitahidi nyuma yake kwenye mwinuko mdogo wa kuelekea barabarani. Kifua kilianza kubana. Akasikia ninavyohema, akageuka. Nilidhani dharau yote ya bonde la Kilombero ninayo mimi. Nilikuwa sijauona uso wa Mama Salome pale njiani, akinitazama midomo, akinitazama miguu, akinitazama tena midomo.

"Kaa hapo kwenye jiwe," akasema. "Vuta pumzi. Halafu utatembea polepole, mbele yangu, nikuone. Usinifie kabla hujasema."